Umepata kazi Savukoski? Fungua ramani kwanza

Wengi wanaonipigia simu wakiwa wamepata kazi ya kuhudumia wazee huku Lapland huuliza kwanza kuna watu wangapi. Savukoski, halmashauri ya kaskazini mwa Ufini, ina watu 1,000 hivi. Ila idadi hiyo peke yake haikusaidii kuamua. Kabla hujatia saini mkataba, ingia kwenye Karttapaikka, ramani ya bure ya idara ya upimaji ardhi ya Ufini, uone watu hao wako wapi.

Eneo la Savukoski ni kama kilomita za mraba 6,500. Ukigawanya, kila mtu ana zaidi ya kilomita 6 za mraba, wakati wastani wa nchi nzima ni watu 18 hivi kwa kilomita moja ya mraba. Hakuna halmashauri nyingine Ufini ambayo watu wake wametawanyika kiasi hicho. Sehemu kubwa ni misitu, vinamasi na vilima visivyo na nyumba. Watu wengi wamejipanga kando ya mto Kemijoki, mrefu kuliko yote nchini, ambao chanzo chake kiko humu humu. Kuna kijiji kikuu, kisha Martti, Tanhua, Kuosku na vingine vidogo. Kwa hiyo muulize mwajiri utahudumia kijiji kipi. Kumtembelea mzee wa Martti ukitokea kijiji kikuu kunachukua kama nusu saa kwa gari, barabara ikiwa nzuri.

Kazi yenyewe ipo kwa sababu vijana wameondoka. Zamani misitu iliajiri wengi, wakikata magogo na kuyaachia yaelee mtoni hadi viwanda vya pwani. Mashine zikachukua kazi ya ukataji, malori yakachukua usafirishaji, na mwaka 1991 magogo yakaelea Kemijoki kwa mara ya mwisho. Miongoni mwa waliobaki wapo wazee wengi, na wanazungumza Kifini. Kiingereza cha Helsinki hakitakufikisha mbali ukiwa jikoni kwa bibi wa miaka 85 anayekueleza anaumwa wapi. Jifunze Kifini cha mwili, dawa na chakula kabla hujafika. Nawaomba sana mlitilie maanani hili, kwa sababu nimeona wazee wakinyamaza tu wasipoelewana na mhudumu.

Jambo jingine ni huduma. Tangu mwaka 2023 afya na ustawi wa jamii viko chini ya mkoa wa Lapland, si halmashauri tena. Hospitali kuu iko Rovaniemi, zaidi ya kilomita 150. Treni ya usiku kutoka Helsinki inaishia Kemijärvi, na hapo bado una kilomita 90 hivi. Kama una watoto, ongea na shule mwenyewe, usitegemee maneno ya mwajiri.

Barabarani utakutana na poro, kulungu wa kufugwa ambao hapa ni wengi kuliko watu mara nyingi. Ukiona mmoja, punguza mwendo, maana wenzake wako nyuma. Ukimgonga, lazima upige 112, namba ya dharura. Kila poro ana mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda ndiye mwana wa mgonjwa wako.

Marafiki watakuomba uwapeleke Korvatunturi, kilima ambacho Wafini wanasema ndiko anakoishi Baba Krismasi. Kiko mpakani kabisa na Urusi, ndani ya ukanda usioingilika bila kibali cha walinzi wa mpaka. Wapeleke Korvatunturinmurusta, wakitazame kwa mbali.

Sasa gari. Kwenye maegesho utaona nguzo fupi zenye soketi za umeme: ni za kupasha injini moto kabla ya kuwasha, kwa sababu baridi hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Uliza kama nyumba utakayopewa ina soketi hiyo, kama gari la kazi lipo, na nani atalipia matairi ya baridi. Mwajiri akisema mambo ya usafiri yatapangwa ukishafika, mwambie ayapange kwanza, kwa maandishi, ndipo utie saini.