Ng'ombe akisusa saileji, nusa shimo kwanza

Masika yakiisha, mashimo na mifuko ya saileji (malisho mabichi yaliyovundikwa bila hewa hadi yakachacha) huanza kufunguliwa Dar nzima, na maswali nayo huja kwa wingi. Haya ndiyo ya safari hii.

Nilivundika mabingobingo (majani ya tembo) wakati wa mvua. Nimefungua, ng'ombe wananusa na kugeuka. Niwawekee molasi (uji mtamu wa miwa) ili wale? (Mfugaji, Chanika)

Ndugu yangu, usikimbilie molasi. Chukua konzi moja, iminye, uinuse. Saileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea njano na harufu ya uchachu safi, kama maziwa mgando. Kama yako inanuka vibaya na harufu inabaki mkononi hata ukinawa kwa sabuni, hiyo ni asidi ya butiriki, dalili kwamba majani hayakuchacha vizuri, na ng'ombe ameitambua kabla yako.

Mabingobingo mabichi mara nyingi huwa na maji zaidi ya asilimia 80, na sukari yake ni kidogo. Ukiyafukia siku hiyohiyo yamelowa mvua, bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya laktiki wanakosa chakula, pH (kipimo cha uchachu, kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) haishuki kufikia karibu 4, na bakteria wa kwenye udongo wanashika nafasi. Hao huvunja hata protini ikawa amonia. Molasi ukiimwaga horini itaficha harufu tu.

Mahali pa molasi ni wakati wa kuvundika: kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Kata mabingobingo yakiwa na urefu wa mita moja au moja na nusu, yaache yanyauke juani karibu siku nzima, kisha yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kabla ya kujaza shimo, minya konzi kwa nguvu. Maji yakichuruzika, bado. Donge likiachia polepole ukifungua mkono, shindilia. Hiyo uliyonayo, tupa iliyooza na kuteleza, na inayonuka usimpe kabisa ng'ombe aliyezaa karibuni, maana inaweza kumletea ketosisi, ugonjwa wa mwili kukosa nguvu baada ya kuzaa.

Saileji yangu ya mahindi waliigombania wiki ya kwanza. Sasa ina joto na wanabakiza. (Kigamboni)

Hewa imeingia. Ukishafungua shimo, hamira zilizokuwa zimelala huamka, zinakula asidi ya laktiki, lundo linapata moto, kisha ukungu unafuata. Kwa joto letu la Dar mambo haya huenda haraka sana. Mbuzi huanza kupunguza kula hata kabla hujaona ukungu kwa macho.

Kata uso mzima wa lundo, sentimita 20 hadi 30 kila siku, usichimbe katikati, na ufunike mara moja. Mwenye ng'ombe wawili watatu asichimbe shimo kubwa. Mifuko ya nailoni ya kuisha ndani ya siku moja au mbili inamfaa zaidi. Yenye ukungu tupa, usiionee huruma: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa wanao.

Yangu ni kahawia iliyokoza, inanukia kama tumbaku, na wanaifakamia. Nimepatia? (Kibamba)

Hapana. Hapa pua ya ng'ombe inakudanganya. Hewa nyingi ilibaki ndani, lundo likapata joto kali, na sehemu ya protini ikafungamana na sukari kiasi kwamba mnyama hawezi kuimeng'enya. Atashiba, ila maziwa yatapungua. Ongeza mashudu, na safari ijayo shindilia hasa.

Wateja wanalalamika maziwa yana harufu. (Goba)

Lisha saileji baada ya kukamua, na usiiweke karibu na ndoo za maziwa.

Mbuzi wangu mmoja anazunguka upande mmoja tu, sikio limelegea, mate yanamtoka. Wanakula saileji iliyobaki chini ya mfuko. (Bunju)

Dada, hili si la kungoja. Dalili hizo zinafanana na listeria, bakteria wanaostawi kwenye saileji isiyochacha vizuri au iliyochanganyika na udongo, na mbuzi na kondoo ndio wanaoathirika zaidi. Mwite daktari wa mifugo leo, kwa sababu dawa husaidia ikiwahi. Ondoa saileji hiyo kwa kundi zima. Maziwa yao yachemshwe, na mjamzito asisaidie kuzalisha mbuzi hao wala asishike kondo la nyuma.