Jibu: Viza ya Ufaransa ukiwa Dodoma

Mkuu, umeuliza kama ukienda Ufaransa kutembea utaomba ETIAS (kibali cha kusafiri Ulaya kinachoombwa mtandaoni) badala ya viza. Hapana. ETIAS ni ya wale wasiohitaji viza. Sisi wenye pasi ya Tanzania tunabaki na viza ileile ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo), ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024.

Kinachotugusa ni EES, mfumo wa Ulaya wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka, ulioanza Oktoba 2025. Mpakani wanakupiga picha, na kompyuta ndiyo inayohesabu siku zako badala ya mihuri. Zile siku 90 unazoruhusiwa kukaa ndani ya kila siku 180 hakuna kuzichezea tena.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Mimi nisingethubutu kusubiri hizo 15, maana kama ni mara ya kwanza lazima ushuke Dar mwenyewe ukatoe alama za vidole (afadhali siku hizi kuna treni ya SGR). Pasi ivuke miezi 3 baada ya kutoka huko, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Na hayo yote kayasome kwenye tovuti ya ubalozi, usimtegemee wakala wa mjini.