Gemu Isiyowaka Bila Bando

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa pale karakanani kaniletea gemu yake ya mkononi. Kasha kalichapisha mwenyewe, vitufe vinabonyea vizuri, skrini haina hata nukta moja iliyokufa. Moyo ukanikunjuka. Nikawasha. Ikaniandikia: "Inaunganisha..." Nikasubiri. Chai yangu ikaanza kupoa. Nikamuuliza, "Ina gemu gani hii?" Akajibu kwa fahari, "Nyoka, mwalimu."

Nyoka! Yule yule tuliyemcheza kwenye Nokia 3310 usiku kucha, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tuna bando.

Sikumgombeza siku ile. Nimeamua kumgombeza hapa, yeye na wenzake watatu walioniletea ugonjwa huohuo mwaka huu. Basi wadogo zangu mlioshika ESP32 juzi juzi, ile chipu ndogo ya kuundia vifaa, sogeeni. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Mtandao si intaneti.

Kwetu neno "mtandao" limebeba mizigo yote: waifai, bando, Facebook, hata mnara wa simu. Ndiyo maana ukiuliza "kifaa chako kinahitaji mtandao?" kila mtu anajibu ndiyo bila kufikiri. Ulizeni vipande vipande. Je, kinahitaji redio? Je, kinahitaji ruta? Je, kinahitaji seva, yaani kompyuta ya mbali, iliyoko nchi nyingine? Hayo ni maswali matatu tofauti, na kwa gemu nyingi mnazounda jibu la swali la tatu ni hapana. ESP32 imekuja na redio ndani, sawa. Gari nalo limekuja na honi, lakini hupigi honi kutoka Mbagala mpaka Mwenge.

2. Usiweke mtandao kati ya kitufe cha kuwasha na menyu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi kabla yenu, tena hadharani.

Tulikuwa tumeunda vifaa 24 kwa ajili ya shule moja ya msingi, mbali kabisa na lami. Darasa la tano. ESP32, skrini ndogo ya rangi, betri zilizoandikwa 400 mAh tulizonunua Kariakoo. Mimi ndiye niliyeandika fimwea, ile programu inayokaa ndani ya kifaa. Gemu zilikuwa tatu, za hesabu, na wiki ya mwisho nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana: jedwali la washindi. Kila mtoto alama zake ziende kwenye seva, na kwa kuwa jedwali bila tarehe halipendezi, kifaa kikiwaka kichukue kwanza saa kutoka intaneti. Nikaandika lupu: kama waifai haijaunganishwa, subiri, jaribu tena. Sikuweka kikomo. Jina la ruta ya karakana na neno lake la siri nikayaandika mlemle ndani ya programu. Karakanani ruta iko juu ya kabati, mita nne kutoka mezani kwangu, kwa hiyo kifaa kiliunganishwa kwa sekunde mbili na wala sikujua kama kuna kitu kinasubiriwa. Nikaongeza na vinukta vitatu vinavyochezacheza mbele ya neno "Inaunganisha". Vile vinukta nilivitazama kama baba anayemtazama mwanawe akisimama dede.

Tukafika shuleni. Mwalimu mkuu kavaa suti. Watoto wawili wawili kwenye dawati, wengine madirishani wanachungulia. Nikatoa hotuba fupi, nikasema: moja, mbili, tatu, washeni!

Skrini 24 zikawaka kwa pamoja. Darasa zima "Aaaah!" Kisha vinukta. Vinukta vikacheza. Vikaendelea kucheza. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, yangu inafikiria." Nyuma kule sauti ikajibu, "Haina bando hiyo!" Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, jasho likinitiririka mgongoni, kwa sababu ndipo nilipokumbuka ile lupu.

Nikajifanya mjanja. Nikabadilisha jina la hotispoti ya simu yangu liwe sawasawa na la ruta ya karakana, na neno la siri lilelile. Vifaa vikaanza kuingia: kimoja, vitatu, vinane. Vikaishia vinane, maana simu ile haikubali zaidi ya hapo. Na vile vinane navyo vikahamia kwenye kusubiri kwa pili: kuchukua saa. Simu haikuwa na data, mle darasani hata kijiti kimoja cha mawimbi hakikuonekana. Mwalimu mmoja akasema chini ya mwembe hushika kidogo. Tukatoka, mimi mbele na simu nimeinyanyua juu kama mwenge wa uhuru, watoto nyuma na vifaa. Chini ya mwembe simu ikashika kweli, menyu zikafunguka kwenye vifaa vitano. Ila kivuli cha mwembe kilikuwa hafifu, jua la saa tano limesimama, na skrini zile ukizipeleka juani huoni kitu zaidi ya sura yako mwenyewe. Kwa hiyo niliiona sura yangu mwenyewe, mara tano.

Tukarudi darasani. Nikafungua laptopu nianze kuflashi upya, yaani kuingiza fimwea mpya, kifaa kimoja kimoja. Betri asilimia 31, darasa halina umeme. Nikatoa kebo tatu. Mbili zikawa za chaji tupu, hazipitishi data. Mstari niliohitaji kubadilisha ulikuwa mmoja, mmoja tu, lakini kila kifaa kilihitaji kufunguliwa kasha, kuchomekwa, kusubiriwa na kufungwa tena. Huku vingine, kwa kuwa hakuna aliyevizima, vilikuwa bado vinatafuta ruta iliyoko mamia ya kilomita. Redio ya ESP32 ikisikiliza tu inakula karibu mA 100, ikituma inaruka mpaka kama 240. Betri zetu hazikuwa za kazi hiyo, na nyingine nilikuwa nimezijaza nusu usiku wa kuamkia safari. Vikaanza kuzima kimoja baada ya kingine, vinukta vikicheza mpaka mwisho.

Kengele ya chakula ilipogonga nilikuwa nimeokoa vifaa tisa. Watoto walivicheza kwa zamu wakiwa wamesimama, sahani za uji mkononi.

Wakati wa kuaga mwalimu mkuu alinishika mkono kwa heshima zote, akasema, "Tunashukuru sana mwalimu. Watoto wamefurahi kuviona."

Kuviona.

Njia nzima sikuongea na dereva. Nikiwa bado garini nikafuta jedwali la washindi lote. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuliulizia.

3. Vitufe na kijoistiki, weka kwenye ADC1.

ADC ndiyo sehemu ya chipu inayosoma volteji za pini, na ESP32 ina mbili. ADC2 hutumiwa na waifai, ukiwasha redio usomaji wako unakufa. Pini 32 hadi 39, za ADC1, ndizo salama. Mtu anaunda kifaa, kijoistiki kinafanya kazi wiki nzima, anaongeza waifai siku ya mwisho, kijoistiki kinaganda, anaanza kulaumu aliyemuuzia kijoistiki. Hilo nalo nimelifanya. Niliwarudishia wauzaji wawili mali yao nzima kabisa, na mmoja mpaka leo akiniona anageuza uso. Tazameni mchoro wa ODROID-GO ya 2018, gemu ya mkononi yenye ESP32, uko wazi kwa kila mtu: kitufe chao cha pande nne kimekaa kwenye pini 34 na 35. Hawakubahatisha wale.

4. Kifaa kikijizima na kuwaka tena kila ukiwasha waifai, weka kapasita kubwa (akiba ya umeme wa ghafla) karibu na moduli ya ESP32 kabla hujamlaumu mtu.

5. Neno la siri la ruta ya nyumbani kwenu lisiende GitHub, kule mnakoweka programu zenu hadharani. Nimeona la kijana mmoja wiki hii, na ni jina la mpenzi wake pamoja na mwaka.

6. Kucheza wawili hakuhitaji seva.

Hapa ndipo mnaponiambia, "Lakini mwalimu, tunataka wachezaji wawili." Vizuri. Game Boy ya 1989 ilichezesha watu wawili Tetris kwa waya. Waya! Nyinyi mna ESP-NOW, kifaa kinaongea na kifaa moja kwa moja, hakuna ruta wala bando, na pakiti moja, hata kwenye toleo la kwanza, inabeba hadi baiti 250. (Inatumia redio ileile, kwa hiyo nambari 3 bado inakuhusu, usije ukanililia.)

Baiti 250 ni nyingi kiasi gani? Chukua bao la Kiswahili. Upande wako una mashimo 16, na kila kete unazochota unaweza kuzizungusha kushoto au kulia. Hayo ni machaguo 32, yanaenea kwenye biti tano. Ongeza biti moja ya uamuzi wa nyumba, unaichezesha au unailaza. Bado hujajaza baiti moja, yenye biti nane. Bao zima, mashimo 32 yenye idadi ya kete ndani yake pamoja na zile 22 ambazo kila mmoja anaanza nazo mkononi, unalituma lote kwa pakiti moja na nafasi kubwa inabaki. Sasa niambie, kwa nini hatua ya bao itoke kwa jirani yako wa dawati, ivuke bahari, ifike kwenye seva, irudi kwako?

Mmoja wenu alinijibu, "Ili nicheze na mtu wa Mombasa." Haya, hiyo ni sababu. Nilimkubalia. Ila tuliweka "Cheza mbali" kuwa chaguo la mwisho kwenye menyu, na redio haiwaki mpaka mtu alichague yeye mwenyewe.

7. Kuongeza gemu mpya: memori kadi.

Arduboy, gemu ndogo ya mkononi aliyotuletea Kevin Bates, ina chipu ya ATmega32u4: kilobaiti 32 za kuhifadhi, RAM kilobaiti 2.5, redio hakuna. Watu wameiandikia mamia ya gemu, wanapeana mafaili, wanapakia kwa USB. Ilipokuja hoja kwamba ni usumbufu kubeba gemu moja moja, hawakuongeza waifai. Toleo la FX lilipata chipu ya kumbukumbu ya megabaiti 16 na sasa mkusanyiko wote unatembea nao mfukoni. Kuna siku nilimpa mwanangu Arduboy ndani ya basi la Dodoma, nikaja kuipata tena tulipofika Morogoro, na hiyo ni kwa sababu usingizi ulimpitia.

8. Fikiria atakayeunda chako baada yako.

Mkishasema mradi ni wa chanzo huria, mmemkaribisha mtu msiyemjua aunde kifaa chenu mahali msipopajua. Anaweza kuwa Kigoma, anaweza kuwa Muscat. Michoro atapata, fimwea atapata. Seva yako ataipata wapi, wewe ambaye kikoa chako (anwani yako ya intaneti) kinaisha muda Oktoba na hujui utalipa na nini? Nintendo wenyewe, pamoja na pesa zao, walizima huduma ya mtandaoni ya 3DS, gemu yao ya mkononi, Aprili 2024. Kadi za gemu zilizobaki mikononi mwa watu bado zinacheza. Kama kampuni ile imechoka kulipia seva, wewe wa karakanani usijidanganye.

Na mkifika hatua ya kuuza, kifaa chenye redio lazima kipite TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwanza. Anzeni mapema.

Sisemi redio ni haramu. Pandora ya 2010, nayo gemu ya mkononi, ilikuwa na waifai na ilistahili: ilikuwa kompyuta kamili yenye kibodi, mtu anasomea barua pepe humo. Apdeti kwa waifai nayo inafaa kama una vifaa mia vilivyotawanyika, mradi uwe na sehemu mbili za fimwea ili mpya ikigoma ya zamani irudi. Lakini nyoka, wadogo zangu. Nyoka!

Yule kijana wa Jumamosi nimemrudishia kifaa chake. Aliniuliza aweke kikomo cha sekunde ngapi, nikamwambia aanze kwa kutoa ile sehemu yote, acheze wiki nzima, kisha aniambie amekosa nini. Jana usiku kanitumia video: amewasha, menyu imetokea papo hapo, mdogo wake kamnyang'anya kabla hajamaliza kurekodi, na kinachosikika mpaka mwisho ni ugomvi wa nani anafuata.