Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Mashine ya Kukaushia Nguo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba mkwe wangu na mjukuu wanaendelea vizuri huko Arusha. Umeniuliza kama mashine ya kukaushia nguo mliyoiona dukani itawamalizia umeme, kwa kuwa masika haya nepi hazikauki na chumba kimeanza kunuka uvundo. Nitakujibu, lakini kwanza naomba tuzungumze juu ya maji yanayobaki ndani ya nguo kabla haijafika kwenye kamba, kwa maana huko ndiko uniti zinakopotelea.

Kukausha nguo ni kuyageuza maji kuwa mvuke, na lita moja ya maji huhitaji nishati inayokaribia theluthi mbili za uniti, iwe imetoka kwenye jua, kwenye pasi au kwenye mashine. Mashine ya kawaida ya kukaushia hula uniti mbili hadi nne kwa mzigo mmoja. Zipo zenye pampu ya joto, ambazo hutumia nusu ya hapo au pungufu, ila bei yake ni kubwa zaidi. Mkifua mara nne kwa wiki, kwa uniti tatu kila mara, mtapita uniti 50 kwa mwezi, nanyi mko kwenye kundi la matumizi madogo ambalo ukomo wake ni uniti 75. Piga hesabu ya friji, taa na pasi, uone kinachobaki.

Umenisikia tangu utotoni nikisema kwamba kinachokausha nguo ni upepo. Joto husaidia, lakini hewa isipotembea mvuke hubaki palepale ukiizunguka nguo, na kesho yake unaikuta mbichi vilevile.

Unalikumbuka sweta la shule la dada yako. Tulikuwa bado tunakaa Pasua, mvua imepiga wiki nzima, na shangazi yenu alikuwa amelianika juu ya mlango likiwa limekunjwa, upande mmoja umeulalia mwingine. Asubuhi mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji, kwa hiyo dada yako akaondoka bila sweta, na mwalimu wa zamu akamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima akisema kwamba mama yake hajali. Saa hiyohiyo mimi nilikuwa nimesimama katika darasa la shule nyingine, nikiwafundisha watoto wa wenzangu. Nimejiambia mara nyingi kwamba yule mwalimu alikuwa na utaratibu wa kusimamia na watoto wengi wa kuwatazama, na nadhani ni kweli. Lakini mtoto angeweza kuulizwa pembeni, na mpaka leo sijaona sababu ya kutofanya hivyo.

Jumamosi ile baba yenu alifunga waya mbili chini ya paa la kibaraza, zikiachana kwa shubiri moja. Bibi yenu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho, akalitandaza lile sweta juu ya kitenge kikuukuu kilichokauka, akaviviringisha vyote viwili pamoja kwa kubana, kisha akapanda juu yake na kuvikanyaga taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Alipokikunjua, kitenge kilikuwa kimelowa chapachapa na sweta limekuwa jepesi mkononi. Tukalilaza juu ya waya zote mbili, hewa ikawa inapita katikati yake, na alfajiri unyevu ulikuwa umebaki kwenye mshono wa kwapa tu. Pasi ikagusa hapo kidogo, basi. Nilifurahi siku ile kuliko ninavyoweza kuandika.

Ninyi hamhitaji kukanyaga kitenge, kwa kuwa mashine yenu ya kufulia ina tangi la kukamulia. Liendesheni mara mbili kwa kila mzigo, kwani dakika chache za kukamua hazifikii hata sehemu ya kumi ya uniti, na kila kikombe cha maji kinachotoka pale hamtakilipia tena mbele. Nepi zianikwe moja moja bila kugusana, suruali zigeuzwe mifuko ikae nje, mashati yaning'inizwe kwenye henga. Usiku ziwekeeni feni, huku dirisha likiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Feni ya wati 50 ikizunguka saa kumi hutumia nusu uniti tu. Jiko la mkaa msiliingize chumbani kwa ajili ya nguo, hata kwa muda mfupi, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na mtoto hawezi kusema kwamba anaumwa. Nepi zilizoanikwa nje kivulini zipigwe pasi ya moto pande zote, maana wako nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini.

Najua utaniambia kwamba mwezi wa Aprili upepo wenyewe umebeba maji, na hapo sina la kukukatalia. Tena mkeo ametoka kujifungua, na sipendi kabisa kumfikiria akiwa kwenye karo na kamba kutwa nzima. Jambo hilo ndilo linalonizuia kukuandikia waziwazi kwamba usinunue. Lakini mvua za masika hukatika, na deni la mashine halikatiki nazo. Lakini pia mgongo wa mzazi haungoji mvua ikatike. Basi sitasema. Amueni ninyi wawili, ila fungeni waya kwanza.

Baba yako anakuja huko Alhamisi na atabeba waya, misumari na koleo. Pima urefu wa kibaraza kutoka nguzo hadi nguzo unitumie kabla ya Jumatano, kwa sababu akifika bila kipimo ataanza kwa kubishana na fundi.

Ni mimi mama yako,
Moshi