Redio iliyopendwa kama baraza

Wiki hii mmeniulizia vita tu.

Propaganda si uongo tu? Vipi watu wazima wadanganywe na redio? (Msomaji, Wete)

Ungekuwa uongo mtupu, ndugu yangu, watu wangecheka wakazima. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na watu waliipendea muziki, mzaha na simu za wasikilizaji. Baraza khasa. Humo humo kwenye mzaha Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Kisha likaja kubwa zaidi: Wahutu waliambiwa wenzao Watutsi wanajiandaa kuwachinja. Aliyeamini hilo, panga lake mwenyewe aliliita kinga. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio ile ile ilitaja watu kwa majina na pahala walipo. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wake, alikuwa msomi wa historia (historia, jamani!). Mahakama ya Umoja wa Mataifa Arusha ilimtia hatiani 2003. Baada ya rufaa, 2007, alibaki na kifungo cha miaka 30.

Na zama hizi za simu? (Mkunazini)

Tazama Sudan, ambako jeshi la Jenerali Burhan na wanamgambo wa RSF wa Hemedti wanapigana tangu 15 Aprili 2023. Mwaka huo huo ilienea TikTok sauti ya Omar al-Bashir, rais aliyepinduliwa, ambaye alikuwa haonekani hadharani. Kumbe imetengenezwa kwa akili mnemba. Asiyeonekana hawezi kukanusha, huenda ndiyo maana akachaguliwa yeye.

Basi si bora intaneti ifungwe? (Chake Chake)

Hapana. Tigray, Ethiopia, mawasiliano yalikatwa Novemba 2020 vita vilipoanza. Waliokuwa ndani hawakuweza kueleza yaliyowafika, na walio nje wakabaki kusemewa.

Baba mdogo kila jioni hutuchezea sauti za WhatsApp kwenye kahawa. Nimkanye vipi bila kumvunjia heshima? (Makunduchi)

Usimkanye, muulize: "Ba'mdogo, huyu anayesema ni nani, na yuko wapi?" Barazani kwetu ililetwa sauti ya mwanamke analia, ati jamaa zake wamechinjwa. Tulinyamaza hadi kahawa ikapoa. Mzee mmoja akauliza kwa upole, analia wapi? Mwenye simu akatazama: juu ya ile sauti pana mishale miwili, alama ya kitu kilichokwisha kupita mikono mingi. Hata aliyemtumia hakujua. Akaitia simu mfukoni, akaagiza kashata.