Skana inasema OpenSSH yangu ni ya zamani, nikompaili mpya?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nina seva ya ofisi, Debian 12 (Linux), apt upgrade napiga kila wiki. Juzi amekuja mkaguzi na skana yake ya kutafuta matundu ya usalama, ripoti imetoka nyekundu eti OpenSSH, ile programu ya kuingilia seva ukiwa mbali, ni 9.2p1, ina tundu la CVE-2024-6387 (CVE ni namba ya utambulisho wa tundu), lazima nipande mpaka 9.8. Kuna fundi anataka hela anikompailie hiyo 9.8, yaani aijenge kutoka kwenye kodi yake badala ya kutumia apt. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, na kama ameshaanza mwambie aachie hapohapo.

Piga dpkg -l openssh-server uangalie mwisho wa namba. Ukiona deb12u3 au zaidi basi hilo tundu lilishazibwa, Debian walitoa pachi (kiraka cha kuziba tundu) Julai 1, 2024, siku ileile lilipotangazwa. Huniamini? Piga apt changelog openssh-server halafu itafute hiyo CVE mwenyewe.

Sasa kinachonichosha mimi, na haya naletewa kila mara, ni hii imani kwamba namba ndogo maana yake seva iko wazi. Debian wakishatoa stable, yaani toleo tulivu, hawapandishi toleo hovyo, wanachukua marekebisho ya tundu peke yake wanayaingiza kwenye toleo lilelile la zamani, ndo bakipoti yenyewe, kwa hiyo 9.2p1 inabaki 9.2p1 na kinachosogea ni mkia tu. Red Hat na Ubuntu nao hivohivo. Skana ya aina hiyo haijajaribu kuvunja chochote, imesoma bango la SSH, ule mstari seva inaojitambulisha nao, basi, na cha kuchekesha bango la Debian linaonyesha na mkia kabisa ila yenyewe inasoma nusu. Ni daktari anayeangalia umri kwenye kitambulisho chako anakuandikia dawa ya presha bila kukupima.

Na msidhani bakipoti ni kukopi na kupesti. Tundu hili lilitokana na sshd, ile sehemu ya OpenSSH inayokaa kwenye seva, kuandika logi katikati ya kushughulikia signali (ishara ya kuikatiza programu), pale mtu anapochelewa kulogin muda ukaisha, kazi ambayo si salama kufanyika pale. Kwenye 9.8 wenyewe walipangua sshd wakaigawa, kuna inayosikiliza na kuna sshd-session. Mabadiliko makubwa hayo, huwezi kuyabeba yote ukayatupia kwenye toleo la zamani usivunje kitu, ndo maana waliorudisha pachi nyuma walitoa tu ule uandishi wa logi, mistari michache, wakaishia hapo.

Fundi wako yeye atafanya nini? Asipotaja njia nyingine 9.8 yake itakaa /usr/local, systemd, inayowasha huduma za seva, itaendelea kuwasha ileile ya /usr/sbin, mtakuwa na sshd mbili na nyie mnadhani mmepanda. Akisahau --with-pam, login zinazotegemea PAM, mfumo wa Linux wa kuhakiki watumiaji, zinakufa. Halafu ile ya /usr/local apt haiijui kabisa, tundu lijalo likitoka hakuna wa kukuzibia, na yeye saa hiyo simu hapokei.

Hao wa "weka mpya kabisa ndo salama" niwakumbushe xz, ile programu ya kubana mafaili, Machi 2024. Mlango wa nyuma uliwekwa kwenye 5.6.0 na 5.6.1, yaani mpya kabisa, huku Debian 12 ikiwa na 5.4.1 haikuguswa.

Ila msinielewe vibaya mkakalia mfumo uliokufa. Bakipoti ipo kwa sababu kuna watu wanaifanya, muda wa sapoti ukiisha hakuna. CentOS 7 iliisha Juni 30, 2024, na bado nakuta seva za hela za watu ziko juu yake na mwenyewe anajitetea eti yum update haileti kitu, kwa hiyo kila kitu kiko sawa. Haileti kitu kwa sababu hakuna anayeleta!

Kwa mkaguzi, mpelekee namba kamili ya pakeji na ukurasa wa hiyo CVE kwenye security-tracker.debian.org. Akikataa mwambie aiskani tena kwa kuingia na akaunti asome pakeji zenyewe, skana nyingi zinaweza, ila wengine hawapendi maana ripoti inakuwa fupi na bili inaanza kuonekana kubwa.