Shangazi, nifanye kazi kwa makaratasi ya mtu mwingine?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, pale uliposema umesomea uhasibu na leo hata hela ya pedi unamuomba mumeo imeniuma sana.

Kwa wasomaji wengine, mwenzetu yuko Marekani mwaka wa tatu, mume ana viza ya kazi ya H-1B na yeye yuko kwa H-4, ile ya mke au mume wa mwenye H-1B. Akigusia kibali cha kazi anaambiwa subiri kidogo. Sasa kuna rafiki kamletea mpango aende kazini kwa makaratasi ya mtu mwingine, mshahara wagawane.

Huo mpango uache, nakuomba. Najua umechoka kukaa ndani ila kutumia namba ya Social Security ya mtu, ile namba ya utambulisho ya kazi na kodi, ni kosa la jinai, na siku mnaomba green card utaulizwa kama umewahi kufanya kazi bila kibali, hapo useme kweli au udanganye kote kubaya. Na mwenye makaratasi akikunyima hela yako utamshtaki wapi?

Sasa sikia. H-4 anaweza kupewa kibali, sheria hiyo ipo tangu 2015, ila sio kila H-4. Inategemea faili la mumeo: ile I-140, fomu ya mwajiri wake ya kumuombea ukaazi, iwe imeshapitishwa, au H-1B yake iwe imeongezwa kupita miaka sita kwa sababu ya maombi hayohayo ya green card. Kwa hiyo hiyo subiri yake inaweza ikawa kweli kabisa, labda kazini kwake hawajaanza hata kumuombea, au karatasi iko kwenye droo tangu mwaka jana na hajui kama inakuhusu na wewe. Usianze na lawama. Mkishakula, mko wawili tu, mwambie naomba tuangalie pamoja makaratasi yako ya uhamiaji. Tafuta I-797, yaani barua ya taarifa kutoka uhamiaji, inayotaja I-140 na imeandikwa Approval Notice, maana ile ya Receipt Notice ni kwamba wamepokea maombi tu, watu wengi wanajichanganya hapo.

Ukiikuta, fomu ni I-765, unaijaza wewe kwa jina lako, kundi lako ni (c)(26), na huhitaji uwe na mwajiri kwanza. Ambatanisha I-94 yako (rekodi ya kuingia kwako Marekani), nakala ya hiyo approval na cheti cha ndoa, kama ni cha Kiswahili kitafsiriwe chote kwa Kiingereza na aliyetafsiri athibitishe kwa sahihi yake. Wakishakupitishia unafanya kazi kwa mwajiri yeyote, ila kabla ya hapo hata siku moja usiguse kazi.

Usipoikuta, na H-1B yake nayo haijaongezwa kupita miaka sita, H-4 inakuruhusu kusoma, kwa hiyo unaweza kuuendeleza huo uhasibu wako, na akitokea mwajiri wa kukuombea H-1B yako mwenyewe hiyo njia nayo ipo.

Ila mumeo akigoma hata kukuonyesha hayo makaratasi, niandikie tena haraka mwanangu, usikae nalo peke yako.